Picha Niliyoisafisha Nikiwa Koridoni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho ya kuonea, kisha kwa hekima yake akatupa na kope za kuyafumbia. Namshukuru kwa macho yangu haya, ambayo sasa yanahitaji miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Namshukuru kwa mikono iliyoshika bisibisi tangu ujanani bila kupigwa shoti ya kuniondoa duniani, ingawa mara kadhaa nilionjeshwa. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, na kila mwalimu aliyemfundisha mwenzake jambo lenye manufaa.

Vijana wangu, nyinyi mnaokuja kukaa kwenye benchi la lile duka langu la zamani pale Manzese, mmeniuliza namna ya kuifanya filamu ya DVD ionekane vizuri kwenye kompyuta iliyounganishwa na televisheni kubwa ya sebuleni. Mnasema picha za filamu hizo zinatoka kama zimechovywa kwenye uji. Nitawaambia ninachokijua. Lakini nitawaambia kwa kisa kimoja, kwa sababu karibu kila kosa la picha ninalolifahamu lilijikusanya kwenye nyumba moja ya Kibamba, na picha yenyewe mimi sikuiona. Mpaka leo sijaiona.

Nilikuwa nimeshastaafu. Bi Zuwena akanipigia simu. Huyu ni mteja wangu wa siku nyingi, wa familia ya Waarabu waliokuwa wakiuza vitambaa na udi Manzese kabla hawajajenga Kibamba. Kazi yake mwenyewe ni kupamba maharusi kwa hina na ule wino mweusi wa piko.

"Asalamu alaykum, Fundi Sefu. Nakuomba usiseme umestaafu."

"Waalaykumu salaam. Nimestaafu."

"Nimekwambia usiseme."

Shida yake ilikuwa hivi. Mama yake, Bi Shamsa, Mungu amrehemu, alikuwa mchoraji wa hina asiyekuwa na mfano, na alikuwa na ua lake moja la kiganjani ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Hakulichora kwenye karatasi hata mara moja. Lilikaa kichwani mwake, likashuka mkononi, basi. Mara ya mwisho alimchora mjukuu wake mkubwa, Rukia, siku ya hina yake. Sasa mdogo wake Rukia, Nargis, anaolewa Ijumaa ya wiki ileile, na hataki ua jingine.

"Anasema bila ua la bibi, viganja vyake vitabaki vitupu kama vya mpiga zege," Bi Zuwena akaniambia. "Na mie nimejaribu, Fundi. Nimejichora mwenyewe mpaka mikono imekuwa kama nimetoka kumenya ndizi. Halikai."

Picha za ua lile hazikuwepo. Mnaijua desturi: siku ya hina ni ya wanawake watupu, vichwa wazi, nywele zimefumuliwa, wanacheza wanavyotaka. Simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye beseni. Aliyeruhusiwa kupiga picha ni mwanamke mmoja tu mwenye kamera ya video, na kazi yake ikatoka kwenye DVD moja. Kwenye televisheni yao ya zamani, ile ya chogo, waliiona vizuri. Chogo likafa. Wakanunua televisheni bapa pana kama mlango, wakaunganisha na kompyuta, na tangu hapo mikono ya Rukia ikitembea inaota meno kama chanuo.

"Nitakuja kesho," nikasema.

"Ila Fundi, mle ndani watu wako wazi. Wewe huwezi kuangalia."

"Sasa nitatengeneza nini?"

"Picha."

"Bila kuiona?"

"Ndiyo maana nimekupigia wewe. Hao vijana wako wa dukani watachungulia."

Msinikasirikie, nawasilisha maneno yake tu.

Nilipomweleza mke wangu, Mama Hidaya, aliweka upawa chini akacheka mpaka akashika meza. "Miaka yote unaniambia nisogee, nakukingia mwanga," akasema. "Kesho mie ndiye macho yako. Utasogea wewe."

Kabla sijawapeleka Kibamba, nimtaje aliyenifundisha kazi, Fundi Yohana. Alikuwa mtu wa bara, mwimbaji wa kwaya, na mimi nimetoka madrasa moja kwa moja nikaingia kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio na deki. Adhana ikitoka, alinipokonya kile chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya akaniambia, "Nenda, hii redio haitakimbia." Kila mteja aliyeleta televisheni, Fundi Yohana alimuuliza swali moja kabla hajafungua skrubu yoyote: "Unataka kuona nini?" Wateja wengine walikasirika. Nataka kuona picha, kwani wewe unadhani nataka kuona nini? Lakini yeye alisubiri. Mmoja angesema anataka kuona namba kwenye jezi za wachezaji. Mwingine anataka uso wa marehemu baba yake. Hizo ni kazi mbili tofauti, na aliyezifanya kwa namna moja ameharibu moja.

Swali hilo nililijua kwa moyo. Siku ya Kibamba nililisahau nyumbani pamoja na miwani ya kusomea.

Tulifika baada ya Adhuhuri. Sebule ilikuwa safi, inanukia udi, na ukutani kulikuwa na kabati la mninga kutoka Keko, zuri kweli, limechongwa maua mpaka kwenye miguu. Kompyuta ilikuwa imefungiwa ndani yake kama mwali. Nyuma mbao, pembeni mbao, mbele kioo. Niliweka kiganja juu ya kioo, nikakitoa haraka.

"Hii inachemka," nikasema. "Nahitaji msumeno."

Bi Zuwena alishika kifua. "Msumeno kwa ajili ya nini?"

"Kabati halina tundu la nyuma. Kompyuta ikishikwa na joto hujipunguza mwendo ili isiungue, na ikijipunguza mwendo, picha inakwamakwama. Tukate mgongo tu, mbele hapaguswi."

"Fundi wa Keko alinihakikishia halitaingia hata mende."

"Kweli. Hata hewa imeshindwa."

Rukia na Nargis, waliokuwa wamekaa kwenye kochi na mitandio yao, walificha nyuso kwenye mito. Nikakata. Likumbukeni hili, vijana: kabla ya kugusa mpangilio wowote ndani ya kompyuta, iangalieni inapokaa.

Kisha nikaomba sahani yenyewe ya DVD. Ilikuwa na michirizi, na ilinukia mnanaa.

"Nani kaisugua kwa dawa ya meno?"

Nargis akaangalia dari. Wapo wengi mtaani wanaoamini tiba hiyo, na matokeo yake ni filamu inayokwama palepale, sema kwa harufu nzuri. Sahani ifuteni kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, msiizungushe kama mnaosha sufuria. Ikishasomeka, nakilini filamu yote iingie ndani ya kompyuta, muitazame kutoka humo. Sahani ya zamani ni kama mzee, haifai kupandishwa ngazi kila siku.

Mama Hidaya aliinakili, macho yangu yakiwa kwenye zulia. Sasa nikajiona mjanja. Nilikuwa nimebeba DVD ya mahafali ya madrasa yetu, iliyopigwa na kamera ya aina ileile miaka ileile. Nikasema nitaitumia hiyo kurekebisha kila kitu, halafu nitatoka nje, wao wafungue ya kwao. Nani angekataa?

Niliirekebisha ile mahafali kwa raha. Maalimu wetu, mtu mwembamba aliyefunga Jumatatu na Alhamisi, alionekana mpana kama aliyeshinda kwenye pilau, kwa sababu filamu za zamani zina umbo linalokaribia mraba na televisheni pana inazivuta zijae. Nikairudisha kwenye umbo lake, pembeni pakabaki peusi. Paacheni peusi! Kila mteja atawaambia amelipia televisheni nzima. Mwambieni watu wake wamerudi kwenye miili yao.

Weusi ulikuwa kama majivu ya mkaa. Hapo kompyuta na televisheni hazijaafikiana rangi nyeusi inaanzia wapi, ingieni kwenye mipangilio ya zote mbili mziweke kwenye kiwango kimoja. Kamera ikigeuka, picha ilichechemea. Kamera zile za kwetu zilichukua nusu-picha hamsini kwa sekunde, na televisheni ilikuwa imewekwa kupokea sitini. Nikaishusha hamsini, ikatembea.

Yale meno ya chanuo yanatokana na hizo nusu-picha. Kamera ilichukua mistari ya kwanza, ya tatu, ya tano, kisha ndio ikarudi kuchukua ya pili na ya nne. Katikati ya hapo mkono umeshasogea. Televisheni ya chogo ilizipokea nusu mbili kwa zamu bila shida, kompyuta inazibandika pamoja. Kwenye programu ya kuchezea filamu kuna sehemu ya kutenganisha mistari. Zipo njia mbili. Njia nyepesi inatupa nusu moja na kuitanua iliyobaki. Njia nzito inaifanya kila nusu iwe picha kamili, ikijazia mistari inayokosekana, na inaitaka kompyuta ifanye kazi. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa bado ina joto la kabati, nikachagua nyepesi.

Mwisho nikaona chenga kwenye kuta za madrasa, nikaweka kichujio cha kufuta chenga. Nikaona haitoshi, nikakipandisha mpaka juu kabisa. Kanzu zikatoka nyeupe kama maziwa! Nilijipongeza moyoni, nikatoka koridoni, nikafunga mlango, nikaketi kwenye kigoda nikiangalia ukuta.

Nikasikia ngoma za filamu zimeanza. Halafu nikamsikia Nargis.

"Mama, mbona da Rukia hana hina?"

"Ninayo!" Rukia akajibu.

"Iko wapi? Mikono mitupu. Kama mgeni aliyekuja kula tu."

Kisha sauti ya mke wangu, kubwa kuliko ngoma: "Baba Hidaya! Umemuosha bibi harusi!"

Vijana, kichujio cha chenga hakijui hina ni nini. Kinaona vitu vidogo vinavyotetemeka kwenye ngozi, kinavifuta. Kwenye mahafali palikuwa na kanzu tupu na kuta za chokaa, hapakuwa na cha kupoteza. Kwenye kiganja cha Rukia mistari ya piko ilikuwa myembamba kama uzi, na ndiyo hiyo tuliyoijia.

Ikabidi tubuni utaratibu mpya. Wao wanaangalia, wananieleza kupitia mlangoni. Kisha wanafunga picha, wanajitanda, Mama Hidaya anaita "Ingia!", naingia nabadilisha kitu kimoja, natoka. Kimoja tu, maana ukibadilisha viwili hujui kipi kimeponya. Na kila nilipoingia, mke wangu alisimama mbele ya televisheni katandaza khanga kwa mikono miwili, ilhali picha ilishafungwa zamani.

"Mama Hidaya, mbele yangu hakuna kitu."

"Mie najua. Ila wewe nakujua zaidi."

Nilijifunza lugha mpya siku ile. Bi Zuwena aliposema, "Vidole vina mwanga mweupe pembeni kama vimepakwa chokaa," nikajua ni ukali wa televisheni umepandishwa. Wengi wanadhani ukali ukiwa juu picha inakuwa safi, kumbe televisheni inachora mistari yake yenyewe juu ya ile halisi. Nikaushusha karibu na sifuri. Rukia aliposema, "Nyuso zimeiva kama tumetoka kuchoma mahindi, na piko na hina siwezi kuzitofautisha," nikajua televisheni imeachwa kwenye ile hali ya dukani inayochangamsha rangi ili wapita njia wasimame. Nikaiweka kwenye hali ya sinema, nyekundu ikaachana na nyeusi. Chenga nazo nikazirudisha zote.

"Sasa kuna vumbi kidogo," Mama Hidaya akasema.

"Na hina?"

"Hina ipo."

"Basi vumbi livumilieni."

Nilidhani tumemaliza. Bi Zuwena akaisimamisha picha pale kiganja cha Rukia kilipoinuliwa kuelekea kamera, akachukua piko lake, akaanza kumchora Nargis kwa kufuatisha. Mimi koridoni nasubiri kusikia kigelegele. Nikasikia mtu anavuta pua.

"Halikai," alikuwa akisema. "Naliona, lakini halikai. Nikifika jani la mwisho nafasi imekwisha. Kila mara nafasi imekwisha."

"Mama, acha, basi," Nargis akasema taratibu. "Nichore lolote."

"Wewe ndiye wa mwisho, Nargis. Nisipolipata leo, limekwenda naye."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Adhana ya Alasiri ikatoka, nikaenda msikitini. Niliporudi nilikaa tena kwenye kigoda changu, na swali la Fundi Yohana likanijia kama mtu aliyeniletea miwani niliyoisahau. Nikagonga mlango.

"Bi Zuwena, unataka kuona nini?"

"Fundi, tangu mchana nakwambia. Ua."

"Ua umeshaliona. Limetulia mbele yako, na bado linakukatalia. Mimi nadhani unataka kuona linavyochorwa. Bi Shamsa mwenyewe yumo kwenye hiyo filamu, anachora?"

Rukia ndiye aliyejibu.

"Yumo. Hapo huwa tunaparukaga."

"Picha mbaya?"

"Hapana, Fundi. Bibi yumo."

Nilielewa. Tangu wamzike, hawakuwa wamethubutu kumwangalia. Nikawaambia sitawalazimisha, na kwamba machozi si dhambi. Bi Zuwena akasema, "Ingia, Fundi. Fanya unachotaka kufanya."

Niligusa kompyuta. Ilikuwa imepoa, tundu la msumeno limefanya kazi yake. Sasa iliweza kuibeba ile njia nzito. Kwenye picha iliyosimama, nusu-picha moja haikusaidii sana. Lakini kwenye mkono unaotembea, ukizifanya nusu zote kuwa picha kamili unaona hatua za mkono maradufu, hata zile ambazo njia nyepesi ilizitupa. Nikabadilisha hiyo. Kisha nikamwonyesha Mama Hidaya kitufe cha kupunguza mwendo.

"Msiisimamishe," nikasema. "Iacheni itembee, lakini polepole. Msiangalie ua. Angalieni mkono wake."

Nikatoka.

Kwanza nilisikia ngoma zimelegea, nzito, kwa sababu ya mwendo ule. Halafu Nargis akasema, "Bibi huyo," kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa nasoma nilichokihifadhi utotoni, polepole, nikiuangalia ukuta, na ule ukuta naweza kuwaeleza nyufa zake zote.

"Rudisha nyuma kidogo, Mama Hidaya." Huyo ni Bi Zuwena. "Tena. Hapo. Tena."

"Haanzii kidoleni," Rukia akasema.

"Haanzii kidoleni!" Bi Zuwena akapaza sauti. "Siku zote mie naanzia kidoleni nashuka. Mama anaanzia katikati ya kiganja, anatoka nje. Na mkono hauinui! Muone, hauinui mkono mpaka jani la mwisho. Lete mkono, Nargis. Huo mwingine, huu nimeshauharibu."

Sasa nilisikia pua za wote wanne zikivutwa, wa kwangu akiwa wa kwanza. Kisha kikatoka kigelegele ambacho nadhani kilisikika Mbezi. Nikasema "Alhamdulillahi" kuuambia ukuta, maana ndiye mwenzangu aliyekuwepo.

Ijumaa nilihudhuria ndoa msikitini, nikala pilau pamoja na wanaume wenzangu, na habari za upande wa pili sikuulizia. Mama Hidaya alirudi nyumbani kesho yake asubuhi, amechoka, sauti imekauka. Akanimiminia chai. Kiganja kikageuka kwenye mwanga wa dirisha.

Lilikuwepo. Bi Zuwena alikataa kumwachia aondoke bila hilo, akisema macho yaliyofanya kazi yanastahili ujira. Nikavua miwani, nikavaa ile nyingine, nikashika mkono wa mke wangu, nikafuata mstari kuanzia katikati ya kiganja kwenda nje, jani kwa jani, mpaka la mwisho, ambalo lilikuwa na nafasi yake yote.

"Unaliona vizuri?" akaniuliza.

"Vizuri sana."

"Maana nimeiona televisheni yako ya hapa nyumbani, ukali uko juu."

Tangu siku ile wanawake wa Kibamba wenye DVD za hina hawanipigii mimi. Wanampigia Mama Hidaya, naye anakwenda na begi langu la bisibisi. Mabinti mnaosoma haya, kazi hii inawasubiri. Mngekuwepo siku ile, miguu yangu isingechoka na kile kigoda.

Nanyi nyote mliovumilia kunisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu awape macho yenye haya na mikono yenye subira, awarehemu waliowatangulia mnaowaona kwenye picha tu, na awape, siku ya kawaida isiyo na sherehe, mkono wa mtu mnayempenda ukiwa umetulia kwenye mwanga. Amin.